Kifuta Jasho na Kipimo cha Haki

Kiswahili cha sheria za wanyamapori nchini Tanzania kina maneno mawili yanayostahili kuangaliwa kwa makini. La kwanza ni "kifuta jasho", nalo ni malipo ambayo serikali humpa mwananchi ambaye mazao yake yameharibiwa na wanyama wakali na waharibifu. La pili ni "kifuta machozi", nalo hutolewa pale ambapo mnyama amemjeruhi au kumwua mtu. Hakuna lolote kati ya maneno hayo mawili lililo sawa na "fidia". Fidia humrudishia mtu thamani ya kitu alichopoteza. Kifuta jasho ni mkono wa pole: hukiri kwamba mtu alitoka jasho bure, lakini hakiahidi kulirudisha jasho hilo.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Serikali yenye hifadhi nyingi na fedha chache haiwezi kuahidi kulipa kila gunia lililoliwa na tembo, na haikuahidi. Kwa hiyo mkulima anayelalamika kwamba kiasi alichopewa ni kidogo huweza kujibiwa kwamba pole haina bei. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Hata hivyo, haifuati kwamba pole haina kipimo. Malipo madogo yaweza kuwa ya haki iwapo yamepimwa sawasawa, na malipo makubwa yaweza kuwa dhuluma iwapo yamegawiwa kwa kipimo kisichohusiana na hasara. Penye kipimo ndipo penye kasoro, na ndipo sayansi ina la kusema.

MKOA ULIO MPAKANI

Mkoa wa Simiyu ni mahali pazuri pa kulifikiria jambo hili. Mkoa huo uliundwa mwaka 2012, hasa kutokana na wilaya zilizokuwa za Mkoa wa Shinyanga, nao una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Makao makuu yake ni mji wa Bariadi. Nchi nzima huujua mkoa huo kwa pamba, lakini chakula cha nyumbani ni mahindi, mtama na viazi vitamu, ambavyo hukatwakatwa na kuanikwa viwe michembe ya kuliwa wakati wa kiangazi. Mvua zake si za kutegemewa sana, hasa kuelekea Meatu. Familia inayokosa mavuno ya msimu mmoja haina msimu mwingine wa karibu wa kuikomboa.

Upande wa mashariki mkoa hupakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951, na Pori la Akiba la Maswa, lililotengwa mwaka 1962. Katika miaka ya 1970 na 1980 ujangili uliwapunguza mno tembo wa Serengeti. Baada ya biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu kupigwa marufuku mwaka 1989, na ulinzi kuimarishwa, waliongezeka tena, na hesabu iliyofanywa kwa ndege mwaka 2014 iliwakuta zaidi ya 6,000 katika eneo hilo. Watu nao wameongezeka. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta wakazi wa Simiyu wakiwa karibu milioni 1.6, ile ya mwaka 2022 iliwakuta wamepita milioni 2.1. Ongezeko hilo ni zaidi ya theluthi moja kwa muda wa miaka kumi.

Ongezeko la tembo ni ushindi wa uhifadhi, na ongezeko la watu ni jambo la maumbile. Lakini makundi mawili yanayokua yakikutana kwenye mstari mmoja wa mpaka, mgongano hauepukiki. Tembo mkubwa hula zaidi ya kilo 100 za majani, magome na matunda kwa siku, na mahindi mabichi yana lishe nyingi kuliko nyasi zilizokauka. Huja usiku, hula kidogo, hukanyaga zaidi, na kabla ya mapambazuko huwa amekwisha kurudi porini. Asubuhi mwenye shamba hubaki na mabua yaliyolala na swali moja: ni nani atakayeipima hasara hii, na kwa kipimo gani?

KANUNI ZILIVYOANDIKWA

Msingi wa malipo ni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, pamoja na Kanuni za Kifuta Jasho na Kifuta Machozi za mwaka 2011. Mkulima aliyeharibiwa mazao hutoa taarifa kwa uongozi wa kijiji. Wataalamu wa wilaya, yaani afisa wanyamapori pamoja na bwana shamba, hufika kutathmini. Kisha madai hupelekwa wizarani ili yahakikiwe na kulipwa.

Kanuni za 2011 zilipanga malipo ya mazao kwa vigezo viwili: ukubwa wa eneo lililoharibiwa, na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpakani halikustahili kulipwa chochote. Kuanzia hapo malipo yalianza Sh. 25,000 kwa ekari, yakapanda kwa kadiri shamba lilivyokuwa mbali na mpaka, hadi Sh. 100,000 kwa ekari kwa mashamba yaliyo zaidi ya kilometa 5. Hata kama shamba ni kubwa kiasi gani, ekari zilizohesabiwa hazikuzidi tano. Wabunge wa majimbo yanayopakana na hifadhi walivilalamikia viwango hivyo mara nyingi bungeni, na serikali ilikubali kwamba vilihitaji kuangaliwa upya.

Mjadala huo, hata hivyo, umejikita mno katika swali la shilingi ngapi. Viwango vikiongezwa mara mbili au mara tatu bila kugusa kipimo, kosa la msingi nalo huongezwa mara mbili au mara tatu. Swali linalotangulia ni hili: umbali unapima nini?

UMBALI SI HASARA

Kigezo cha umbali kina sababu yake, wala si haki kukidharau. Anayelima ukutani mwa hifadhi anajua, au anapaswa kujua, kwamba jirani yake ni tembo. Iwapo serikali ingemlipa kama inavyomlipa aliye mbali, huenda wengine wangevutwa kusogeza mashamba hadi kwenye mstari wenyewe, na uharibifu ungezidi. Umbali, basi, unapima kitu cha kweli: unapima uwezekano wa shamba kuvamiwa.

Lakini uwezekano wa hasara ni kitu kimoja, na ukubwa wa hasara ni kitu kingine. Mwanafunzi wa hisabati anayejifunza nadharia ya uwezekano hufundishwa kuvitenga viwili hivyo mapema kabisa. Uwezekano huulizwa kabla ya tukio, wakati wa kuamua wapi palimwe na wapi pasilimwe. Ukubwa wa hasara huulizwa baada ya tukio, wakati mahindi yamekwisha kulala chini. Kutumia kipimo cha swali la kwanza kujibu swali la pili ni sawa na mganga kumpimia mgonjwa dawa kwa kuangalia umbali wa kijiji chake kutoka kwenye mbu, badala ya kumpima homa.

Ichukuliwe mifano miwili ya kufikirika. Mkulima wa kwanza ana shamba mita 400 kutoka mpakani. Ekari zake mbili za mahindi yaliyokwisha kubeba zimeliwa zote wiki tatu kabla ya kuvuna. Mkulima wa pili yuko kilometa 6 kutoka mpakani. Ekari zake mbili zina mahindi machanga yenye majani manne au matano, nayo yamekanyagwa na kung'atwa. Kwa jedwali la 2011, wa kwanza hakustahili hata senti moja, na wa pili aliweza kudai hadi Sh. 200,000.

Elimu ya mimea huonyesha jinsi matokeo hayo yalivyopinduka. Mhindi mchanga huificha ncha yake ya ukuaji chini ya udongo mpaka unapofikia kiasi cha majani sita. Mnyama akiyala majani ya juu kabla ya hapo, mmea mara nyingi huchipua tena. Wataalamu wa Marekani, ambako bima ya mazao ya serikali ilianza mwaka 1938, wametengeneza majedwali ya kukadiria hasara ya mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Kwa majedwali hayo, mhindi uliopoteza majani yote ukiwa na majani saba hupoteza chini ya sehemu moja ya kumi ya mavuno yake. Ule uliopoteza majani yote wakati wa kutoa mbelewele hupoteza karibu mavuno yote. Tembo si mvua ya mawe, kwa kuwa hung'oa na kuvunja pia, lakini kanuni ya maumbile ni ile ile: umri wa mmea huamua ukubwa wa hasara. Mkulima wa pili, akipata mvua, angeweza kuvuna sehemu kubwa ya shamba lake. Wa kwanza amekwisha kupoteza mwaka mzima.

Tena, tembo hausomi mstari wa ramani. Anaweza kutembea kilometa 10 au zaidi kwa usiku mmoja, akayapita mashamba kadhaa kabla ya kuchagua moja. Na mpaka wenyewe haukuwa siku zote mbele ya mkulima. Yupo aliyesogea karibu na hifadhi kwa hiari yake, lakini yupo pia aliyerithi shamba la babu yake pale pale lilipo. Kanuni inayowaadhibu wote wawili kwa kipimo kimoja haikuuliza swali la kutosha.

KAMBA, VIGINGI NA HESABU

Yaweza kusemwa kwamba kupima hasara yenyewe ni kazi ya maabara, isiyowezekana kijijini. Sivyo. Vifaa vyake ni kamba, vigingi vinne, daftari na mizani ya kawaida.

Mahindi yakipandwa kwa nafasi ya sentimeta 75 kati ya mistari na sentimeta 30 kati ya mashina, kila shina hupata eneo la meta za mraba 0.225. Ekari moja ni meta za mraba zipatazo 4,047. Kwa hiyo hubeba karibu mashina 18,000. Shamba la ekari mbili lina mashina 36,000, na hakuna afisa atakayeyahesabu yote. Lakini mraba wa kamba wenye meta 3 kila upande una nafasi ya mashina 40. Miraba kumi ina mashina 400, na hayo huhesabiwa kwa muda wa saa mbili.

Iwapo katika mashina hayo 400 yamekutwa 260 yaliyoliwa au kuvunjika kabisa, na 140 yaliyosalimika, makisio ya uharibifu ni asilimia 65. Linabaki swali la mavuno: shamba hili lingetoa kiasi gani bila tembo? Jibu limo katika sehemu iliyosalimika. Masuke yake yakipimwa, na kukutwa kwamba shamba zima lingetoa, kwa mfano, magunia 6 kwa ekari, basi ekari mbili zingetoa magunia 12, na hasara ni magunia 7.8. Hapo serikali ina namba inayohusu chakula kilichopotea. Inaweza kulipa sehemu tu ya thamani hiyo, iwe robo au theluthi, kwa kadiri ya uwezo wake. Sehemu hiyo ikiwa ile ile kwa wote, mkulima aliyepoteza zaidi atapata zaidi, na aliyepoteza kidogo atapata kidogo.

Sharti moja kubwa lizingatiwe. Mahali pa kuweka miraba pasichaguliwe kwa jicho. Mwenye shamba, kwa uchungu wake, atamwongoza mpimaji kwenye sehemu iliyoharibika zaidi. Mpimaji mwenye haraka atapenda sehemu iliyo karibu na njia. Wote wawili watapata jibu la uongo bila hata mmoja kusema uongo. Dawa ni kufuata kanuni iliyowekwa kabla ya kuingia shambani, kama vile kutembea kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala na kuweka mraba kila baada ya hatua 20. Utaratibu huo mdogo humlinda mkulima dhidi ya dharau, na hulinda hazina ya umma dhidi ya udanganyifu.

Kadhalika ni lazima kuthibitisha ni mnyama gani aliyefanya uharibifu. Hapa pia maumbile yameacha kipimo. Mzingo wa wayo wa mguu wa mbele wa tembo, ukizidishwa mara mbili, hukaribia kimo chake begani. Mwenye kamba anaweza, kwa alama moja tu kwenye tope, kusema kama aliyepita ni dume kubwa au ni ndama. Wala hawezi kudanganyika kwamba ni ng'ombe wa jirani.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Zipo hoja tatu zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba malipo kwa hasara yatawashawishi watu walime ili walipwe. Lakini pale ambapo malipo ni sehemu tu ya mavuno yaliyopotea, hakuna anayepata faida kwa kupoteza. Na kwa kuwa mavuno yanakisiwa kutokana na sehemu iliyosalimika ya shamba lile lile, shamba lililotelekezwa au lililokwisha kuungua kwa jua halitaweza kudai magunia ambayo lisingeyatoa kamwe. Katika nchi ya mvua haba kama Meatu, kipimo hicho hutenga kwa haki sehemu ya ukame na sehemu ya tembo.

Hoja ya pili ni kwamba kigezo cha umbali kikiondolewa, mashamba yatasogea mpakani. Hatari hiyo ni ya kweli, ila tiba yake iko mahali pengine. Swali la wapi palimwe linajibiwa na mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007. Kijiji kikiwa na mpango, kikawa kimewaonyesha watu mapema eneo lisilolimwa, na kikawapa walioondolewa mahali pengine, basi anayelivamia eneo hilo hana wa kumlaumu. Mahali ambapo hakuna mpango, wala onyo, wala ardhi mbadala, kumnyima mkulima pole kwa sababu ya mita 100 ni kumtwisha mzigo ambao jamii nzima ilipaswa kuubeba.

Hoja ya tatu ni gharama. Tathmini ya makini huchukua saa nyingi zaidi kuliko ya kutazama kwa macho. Lakini afisa hufika shambani hata sasa; kinachoongezeka ni kamba na saa mbili. Na karatasi yenye namba zinazoweza kukaguliwa hupita ofisini kwa wepesi kuliko ile yenye neno "ekari mbili zimeharibika" peke yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hasara nayo isiyoandikwa katika daftari hupotea vivyo hivyo, na mwenye kuipata hubaki akingoja misimu miwili au mitatu bila kujua dai lake limekwama wapi.

KUZUIA NI BORA

Hakuna malipo, hata yaliyopimwa vizuri, yanayozidi uzuri wa shamba lililonusurika. Nchini Kenya, mtafiti Lucy King na wenzake walionyesha kwamba tembo huogopa nyuki, wakatengeneza uzio wa mizinga iliyoning'inizwa kwa waya: tembo akiugusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Katika majaribio yao tembo wengi waligeuka njia. Kusini mwa Afrika na hapa Tanzania, wakulima wametumia kamba na vitambaa vilivyopakwa mchanganyiko wa pilipili na oili chafu. Njia hizi si kinga kamili: nyuki huhama wakati wa ukame, mvua huosha pilipili, na tembo, mnyama mwenye akili nyingi, huzoea. Lakini ili kujua ni njia ipi inayofaa Itilima na ipi inayofaa Busega, zinahitajika namba za hasara kabla ya uzio na baada ya uzio. Namba hizo ndizo zile zile za kifuta jasho kilichopimwa. Tathmini nzuri, basi, ina kazi mbili: huleta haki kwa mwaka huu na maarifa kwa mwaka ujao.

KAZI YA SHULE

Wanafunzi wa vijiji vya mpakani wanalijua tatizo hili kuliko waandishi wa kanuni. Pale mashamba yanapolindwa usiku kwa moto na madebe, vijana ndio walinzi, na asubuhi ndio wanaosinzia darasani. Ni haki yao kwamba hisabati wanayofundishwa iwasaidie kulielewa jambo linalowanyima usingizi.

Mwalimu wa hisabati anaweza kufundisha sampuli na wastani katika shamba la shule kwa miraba ya kamba. Si lazima tembo apite, kwa maana mashina yaliyoliwa na panya au mchwa yatatosha kwa zoezi. Mwalimu wa biolojia anaweza kukata majani ya mahindi kumi machanga na mengine kumi yanapotoa mbelewele, na kuwaacha wanafunzi walinganishe mavuno. Mwalimu wa jiografia anaweza kuchora mipaka ya kijiji, njia za maji na mahali pa uvamizi katika ramani moja. Wanafunzi hawa hawatachukua nafasi ya afisa wa wilaya, wala haifai. Lakini kijiji chenye vijana ishirini wanaojua kukisia hasara kwa haki ni kijiji ambacho hakitadanganywa, na ambacho hakitadanganya.

Tembo wa Serengeti ni mali ya taifa, na dunia nzima huwafurahia. Gharama ya kuwa nao, hata hivyo, hailipwi na dunia nzima: huanza kulipwa usiku mmoja, katika shamba moja, na familia moja. Taifa linalosema kwamba haliwezi kurudisha magunia yote linasema kweli, na linaweza kusikilizwa kwa heshima. Lakini haliwezi kusema kwamba lilishindwa kuyahesabu. Kamba ipo, vigingi vipo, na hesabu yake hufundishwa shuleni.